Tindo Hapigwi

Jumamosi, 7 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na Kaka ameangusha dadu.

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya kumbukumbu za mchezo, nani kafanya nini, nani kampiga nani, na mimi kumbukumbu nusunusu sizitaki. Mimi ndiye msimulizi wa meza. Daftari likimwangukia mtu asiyejua: mchezo wetu ni wa mezani, hauna skrini wala umeme. Kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi. Mimi nasimulia wanachokikuta njiani, wao wanasema wanafanya nini, na dadu ya pande ishirini ndiyo inayoamua kama wamefaulu. Dadu za maadui narusha mimi, nyuma ya kadibodi niliyoikata kwenye boksi la karatasi na kuikunja mara tatu, wasione namba. Tunacheza kila Jumamosi mchana nikishafunga duka langu la kopi, chumba cha nyuma, kati ya maboksi na mashine mbovu ambayo fundi ameahidi kuitengeneza tangu mwaka juzi.

Wachezaji ni watatu. Kaka yangu, kinyozi, ambaye chumba chake cha kazi kinatazamana na duka langu. Nesi wa zahanati, ambaye mhusika wake ni mpiga upinde mwenye mdomo mchafu. Na mwalimu wa hesabu tunayemwita Desimali, kwa sababu anahesabu kila kitu, hata ngazi za benki. Yeye anacheza mwizi wa kufuli, na hana bahati hata ya kuokota.

Kaka anamcheza Tindo. Tindo ni mpiga-makali, na huyo tumemtunga wenyewe, mimi na Kaka, miaka tisa iliyopita, maana wachawi wa kofia na fimbo walikuwa wamemchosha. Uchawi wa mpiga-makali haumo mwilini mwake, umo kwenye upanga. Asubuhi anaupakia nguvu tatu: Cheche, Radi na Kimya. Nguvu haitoki mpaka upanga upige. Akikosa mara moja, inabaki kwenye chuma na chuma kinapata moto. Akikosa tena, inamrudia mwenyewe mkononi. Kanuni hiyo ya mwisho ni ya Kaka, mimi niliiona kali mno. Akanijibu, "Mdogo wangu, wembe usiokata nywele utakata ngozi. Muulize mtu yeyote mwenye kidevu."

Upanga wake unaitwa Sibabaiki.

Leo dadu ilimtoka vidoleni mara mbili. Alisema ni baridi. Nesi aliutazama mkono ule muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumatatu, 9 Machi

Unyevu. Mashine imekula karatasi mara tano, na mteja wa tano kanilaumu mimi.

Alhamisi, 12 Machi

Wifi, mke wa Kaka, kaja dukani na bahasha ndani ya mfuko wa plastiki. Alitaka kopi tatu.

Mimi nina tabia mbaya ya kazi: kila kinacholazwa kwenye kioo nakisoma. Mtaa huu najua nani kaachika na nani kafeli. Barua ilikuwa ya daktari bingwa. Inasema mishipa ya fahamu inayoendesha misuli ya Kaka inakufa. Imeanza mkono wa kulia, itapanda begani, itahamia upande wa pili, itashuka miguuni, itaufikia ulimi, na mwisho pumzi. Dawa ya kuponya hakuna. Mgonjwa na familia wapewe ushauri.

"Wifi," nikamwita.

"Toa kopi, wifi yangu. Nikianza kulia hapa sitafika nyumbani."

Nikatoa. Kopi ya pili ilitoka na mstari mweusi, nikairudia, kazi ni kazi.

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua. Kasema wewe usiambiwe kabla ya Jumamosi, utamharibia mchezo."

Alipotoka nilifunga mlango nikakaa chini kati ya maboksi. Kaka ana miaka arobaini na mitatu. Mkono ule ndio ulionishika nikijifunza kutembea, maana mama alikuwa kazini. Watu waligonga, sikufungua.

Jumamosi, 14 Machi

Katuambia mwenyewe, hata hajakaa.

"Mkono unakufa, na mwingine utafuata, halafu mengine. Nimeshasema. Maswali sitaki. Nyumbani wameanza kunifunga vifungo vya shati. Barabarani wameanza maskini wee, maskini wee. Nimebakiza meza hii tu. Hapa nataka nikipigwa nipigwe kweli, kama watu wote. Tumeelewana?"

Nesi akasema tumeelewana. Desimali, ambaye akishikwa na huzuni hukimbilia methali, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

"Koleo ni mkono huu, Desimali," Kaka akasema. "Rusha dadu."

Tukacheza. Wameingia ndani ya Mlima wa Chuma. Tulishakubaliana tangu mwaka jana kwamba humo mlimani hakuna tiba: jeraha utakalolipata unatembea nalo mpaka mtoke upande wa pili. Tindo ana uhai arobaini. Mlinzi wa mgodi akamrukia, nikarusha dadu nyuma ya kadibodi. Kumi na tisa. Kuanzia kumi na moja kwenda juu, pigo linampata.

Nikainua macho. Kaka alikuwa ameulaza mkono wa kulia mezani anavikunjua vidole kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, huku akimtania Nesi wala hajitazami.

Nikasema, "Sita. Kakukosa."

Mimi huyu! Mimi niliyemuua mhusika wa Nesi siku ya kuzaliwa kwake, keki ikiwa mezani, kwa sababu dadu ilisema afe. Miaka tisa sijawahi kudanganya meza hata kwa namba moja. Na mlinzi alipomrudia Tindo ikaja kumi na sita, nikasema nne.

Namba za kweli nitaziandika humu. Meza nimeidanganya, daftari sitalidanganya.

Jumapili, 15 Machi

Ni mara moja tu. Haitarudiwa.

Jumamosi, 21 Machi

Kumi na nne. Kumi na saba. Ishirini. Hiyo ishirini ingekuwa jeraha mara mbili. Nikasema tano, nane, mbili.

Kaka kafunga chumba chake cha kunyolea tangu Jumatano. Alimkata mteja sikio. Si sana, tone la damu, na mteja akasema, "Si kitu, kinyozi, si kitu." Kaka anasema angetukanwa angefurahi. Mteja yuleyule mwaka jana alimfokea dakika kumi kwa ajili ya sharubu zilizopinda.

Lakini leo mezani! Tindo alipakia Radi kwenye Sibabaiki, akaruka juu ya gari la mgodi, akapiga. Dadu yake mwenyewe, anayoirusha mbele ya watu wote: kumi na nane. Radi ikashuka kwenye reli nzima na walinzi wanne wakalala. Kaka akapiga meza kwa mkono wa kushoto akacheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mvua zianze. Ndiyo maana nafanya hivi, na atakayenilaumu aje anyoshee kidole kicheko kile.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya rafu ya bahasha. Ndoo.

Jumamosi, 28 Machi

Leo kuna jambo limetokea ambalo nilipaswa kulielewa, na sikulielewa, au sikutaka.

Kwenye daraja la ndani ya mlima kuna jitu linalinda lango. Tindo akapakia Cheche. Kaka akarusha: tatu. Kakosa, chuma kikapata moto. Ningekuwa yeye ningerudi nyuma. Yeye akasema, "Napiga tena." Nesi akamwambia, "Wewe mtu una wazimu." Akarusha: tano. Cheche ikamrudia mkononi. Jeraha la moto, nikarusha dadu ya pande nane wazi mbele yao, ikaja nane, kubwa kuliko zote. Nikasema labda tuhesabu nusu, kwa kuwa daraja lilikuwa na unyevu.

"Unyevu gani?" Kaka akaniuliza. "Kanuni niliiandika mimi. Andika nane."

Akaiandika mwenyewe, mwandiko wa mtoto wa chekechea, kalamu kaishika ngumi nzima. Thelathini na mbili. Uso wake, nakuapia, ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi.

Na mimi bado, jitu lilipomshushia rungu, nikaona kumi na nane nikasema tisa. Baadaye kumi na tano, nikasema saba. Baadaye kumi na moja, ile ya mpakani, nikasema kumi. Tindo akapakia Kimya, akapiga, jitu likasimama bila sauti wala pumzi, wakaliangusha mtoni. Desimali alisimama kwenye kiti.

Kaka alitembea barabara nzima kwenye mvua kurudi kwake bila mwavuli, akiimba. Nilimtazama kutoka dirishani nikajiona mwema.

Jumamosi, 4 Aprili

Hawezi tena kuishika dadu. Anaitia kwenye kikombe cha chai, anakisukuma kikombe kwa mkono wa kushoto mpaka kinaanguka. Nesi alinyosha mkono amsaidie. "Kunywa chai yako," Kaka akamwambia. Leo kikombe kimevunjika, tukaleta cha bati.

Kumi na mbili, kumi na tisa, kumi na tatu, kumi na sita. Siku hizi sihangaiki hata kufikiri, mdomo unajisemea wenyewe.

Nesi ametunga wimbo, maneno mawili tu, "Tindo hapigwi, Tindo hapigwi," na Desimali anapiga meza. Kaka anainua kidevu kama bwana harusi. Mara moja alinyamaza katikati ya wimbo akaitazama kadibodi. Nikajifanya natafuta kalamu.

Jumamosi, 11 Aprili

Barabara imejaa maji. Hakuna mchezo. Wifi anasema kakaa dirishani mchana kutwa na viatu miguuni.

Jumamosi, 18 Aprili

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia leo saa tisa na robo.

Desimali alikuja mapema amejaa furaha, na karatasi ya grafu. Kumbe wakati wote anaandika. Kila shambulio ninalotangaza, nani kashambuliwa, namba gani, kapigwa au kakoswa. Alitaka niitoe kopi kubwa tuibandike ukutani, iwe zawadi kwa Kaka. Nilikuwa namhudumia mtu wa mwisho, nikamwambia subiri. Laiti ningemwita, laiti ningeichana! Niliporudi chumba cha nyuma wote wameshakaa na yeye ameshaanza kusoma.

"Tangu tarehe kumi na nne Machi. Mhusika wa Nesi kashambuliwa mara ishirini na moja, kapigwa kumi na moja. Mimi, maskini, kumi na tisa, nimepigwa kumi na mbili. Haya sasa, Tindo." Akatunyoshea kidole mmoja mmoja kama yuko darasani. "Tindo kashambuliwa mara ishirini na tatu. Kapigwa sufuri! Mnajua maana yake? Kila pigo lina nusu kwa nusu. Ni kama kurusha sarafu mara ishirini na tatu ikaangukia upande uleule. Nimepiga hesabu. Mara moja katika milioni nane na laki tatu themanini na nane elfu na..."

Hapo akajisikia anachokisema. Nilimwona. Midomo iliendelea kidogo, sauti ikabaki nyuma. Akaishusha karatasi mezani polepole akaigeuza uso chini.

"Bahati," akasema. "Bahati ipo. Milioni nane si sufuri."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nesi aliyatazama magoti yake. Na hapo nikajua kwamba Nesi alikuwa anajua siku zote.

Kaka hakumtazama Desimali. Alinitazama mimi.

"Mdogo wangu."

"Abee."

"Mara ngapi?"

Ningeweza kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi, yeye ndiye aliyenifungulia. Nikasema, "Kaka, dadu ni dadu. Siku nyingine hazitaki tu."

"Itoe hiyo kadibodi."

"Kanuni inasema..."

"Kanuni!" Akacheka, na kile si kicheko nilichokuwa nakitafuta. "Unanitajia kanuni?"

Sikuitoa. Niliishika kwa mikono miwili, ndivyo nilivyofanya, kama mtu anayenyang'anywa mtoto. Kaka akasimama. Alitaka kuchukua karatasi ya Tindo, vidole vikakataa, ikateleza mpaka ukingoni mwa meza ikaanguka. Hakuna aliyethubutu kuiokota. Akainama, akaifukuzia sakafuni kwa mkono wa kushoto, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na sisi watatu tumekaa tu, kwa sababu kumsaidia ni tusi na kutomsaidia ni tusi. Akaiacha.

Mlangoni akasema, bila kupaza sauti, "Nilidhani mimi ni hodari." Akatoka.

Desimali alilia waziwazi, miwani mkononi. Alikuwa anarudia, "Nilitaka kumfurahisha, nilitaka tu kumfurahisha." Nikamwambia tuko wawili.

Jumapili, 19 Aprili

Nimekwenda kwake. Wifi alinifungulia na uso wa mtu ambaye hajui ashike upande gani. Kaka alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nikamwambia nilifanya kwa sababu nampenda.

"Najua," akasema. "Kila mtu ananipenda. Wifi yako ananikatia chakula vipande vidogo kwa sababu ananipenda. Jirani kaacha kunidai ngazi yake kwa sababu ananipenda. Yule wa sikio alinipenda huku damu inamtoka. Nikikaa pale kwenu nilikuwa nasema, angalau yule mdogo wangu ana roho ngumu. Yule hatanihurumia. Yule alimuua mtu mbele ya keki."

Nilicheka huku nalia, na yeye karibu acheke, nililiona tabasamu likifika mdomoni likarudi.

"Rudi mezani, Kaka. Jumamosi nitarusha wazi."

"Nenda nyumbani, mdogo wangu. Unalowesha kapeti."

Jumamosi, 25 Aprili

Tumekaa watatu. Nikamuuliza Nesi kwa nini hakuniambia kama alikuwa anajua.

"Kazini nadanganya watu kila siku," akasema. "Naingia wodini nasema leo unaonekana vizuri. Nikakuona na wewe unafanya, nikasema basi, kumbe hata watu wazuri wanafanya. Nilipumzika."

Nilikuwa nimemwona Nesi mtu wa mzaha na matusi tu, miaka yote hii.

Hatukucheza.

Jumamosi, 2 Mei

Hakuna mchezo. Mvua ya mawe. Desimali kaniletea kreti ya soda bila sababu.

Jumatano, 6 Mei

Nimetoa kopi ya barua nyingine ya Wifi. Mkono wa kushoto umeanza. Sikusoma zaidi ya mstari huo. Kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka nimefumba macho taa ya mashine ikipita.

Jumamosi, 16 Mei

Kaka kaja. Wifi kamshika kiuno mpaka kwenye kiti, kisha akasema atasubiri dukani kwa mbele. Mikono yote miwili imelala mapajani. Amekonda shingo.

"Uliziandika?" akaniuliza, salamu hakuna.

Nikajua anachouliza. Ananijua. Mtu anayeandika hata ndoo ya bahasha hawezi kuacha kuandika namba.

"Niliziandika."

"Namba za kweli?"

"Za kweli zote."

"Basi soma. Kila pigo ulilonificha, Nesi arushe jeraha lake, wazi, Desimali atoe kwenye uhai. Nataka kujua Tindo alikuwa na hali gani. Nataka majeraha yangu."

Nikaichukua kadibodi nikaikunja nikaiweka chini ya kiti. Nikafungua daftari hili hili.

"Tarehe kumi na nne Machi. Kumi na tisa."

Nesi akarusha dadu ya pande nane. Tano. Desimali akaandika thelathini na tano. Kumi na sita: saba. Ishirini na nane. Kaka alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama anaonja kitu.

"Lile la pili lingekuwa la bega," akasema. "Nilikuwa nimempa mgongo."

Tarehe ishirini na moja. Kumi na nne: tatu. Kumi na saba: sita. Ile ishirini: nne, mara mbili, nane. Desimali akasema kwa sauti ndogo, "Kumi na moja zimebaki."

"Ndiyo siku ya Radi," Kaka akasema. Uso ulikuwa umemchangamka. Tena alianza kusimulia yeye, si mimi: jinsi Tindo angepanda lile gari la mgodi akiwa anavuja damu, jinsi angemficha Nesi asione, jinsi angeshika Sibabaiki kwa mkono mmoja na mbavu kwa mwingine. Sote tukainama mbele. Nesi akamtukana Tindo kwa kuficha jeraha, tukacheka. Ilikuwa meza yetu ya zamani kwa dakika tano hivi. Nikafikiri, Mungu wangu, hivi ndivyo ingekuwa. Nikaanza kuamini kwamba nimesamehewa.

"Tarehe ishirini na nane," nikasoma. "Kwanza Cheche iliyokurudia. Nane."

"Tatu zimebaki," Desimali akasema.

"Halafu jitu. Kumi na nane."

Nesi alikawia kurusha. Akaizungusha dadu kiganjani, akamtazama Kaka. Kaka akasema, "Rusha." Ikaja sita.

Desimali hakuandika kitu.

Nilikuwa bado na namba kwenye ukurasa. Kumi na tano. Kumi na moja. Na zile nne za Aprili. Nikafunga daftari.

"Kwa hiyo nilikufa darajani," Kaka akasema. "Kabla ya Kimya. Jitu sikuliua mimi."

"Kaka..."

"Na ile Jumamosi iliyofuata, mlipokuwa mnaniimbia." Akafikiri kidogo. "Mlikuwa mnamwimbia maiti."

Nesi akajaribu, akasema basi tutatengeneza mwingine, mpiga-makali mpya, mwanafunzi wa Tindo, auokote upanga. Kaka akamshukuru kwa adabu. Ile adabu ilinitisha. Akamwita mkewe.

Jumamosi, 23 Mei

Hakuja. Mvua imekatika, barabara vumbi tayari.

Jumamosi, 30 Mei

Leo wanahamisha vitu vya chumba cha kunyolea. Wifi anafunga vioo kwa magazeti, binamu yake anabeba. Kaka amekaa kwenye kile kiti cha wateja kinachozunguka, katikati ya chumba, wanamzunguka wao.

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia:

"Kaka, turudi darajani. Tarehe ishirini na nane, Cheche imeshakurudia, una uhai tatu, jitu linainua rungu. Tunaanzia hapo. Kadibodi nimeichoma. Narusha wazi katikati ya meza. Likikupiga limekupiga, Tindo anakufa amesimama, Sibabaiki mkononi, na sisi tupo. Nitamsimulia vizuri kuliko nilivyowahi kusimulia kitu. Nakuahidi."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Binamu alipita na meza ya vifaa, tukangoja apite.

"Unajua kilichokuwa kinanileta kwako kila Jumamosi?" akasema. Sasa anaongea polepole, kila neno analisukuma. "Nilikuwa sijui. Nikirusha dadu sijui. Jitu likiinua rungu sijui. Wiki nzima najua kila kitu, daktari kaniandikia mpaka utaratibu, lipi litafuata lipi. Saa tatu tu za Jumamosi nilikuwa sijui."

"Bado hatujui, Kaka. Dadu haijarushwa."

"Aliirusha Nesi. Sita. Nilikuwepo." Akapumzika. "Ukirusha tena na nikipona, nitajua umenihurumia tena. Na nikifa nilishajua. Mtu anayekaa anasubiri kifo anachokijua, huo si mchezo, mdogo wangu. Huo ninao nyumbani."

Mimi, msimulizi mwenye mdomo mtaa mzima, nikamuuliza basi nimfanyie nini, aniambie kitu chochote, nitakifanya.

Akafikiri.

"Nikune pua," akasema. "Inaniwasha tangu asubuhi, na hawa wana haraka."

Nikamkuna. Upande wa kushoto, akasema, juu kidogo, hapo. Akafumba macho. Halafu akaniambia asante sana, kwa sauti ileile ya adabu anayompa kila mtu siku hizi.